Kura za wananchi badala ya wajumbe: Marekani ingempataje mshindi?

Swali la msomaji: "Mimi ni Mkenya, naishi Minneapolis na sasa ni raia wa Marekani. Chama chetu kimepanga mdahalo kuhusu kuondoa kura za wajumbe na kumchagua rais kwa kura za wananchi. Upande mmoja unasema Minnesota imeshatia sahihi mkataba utakaompa wajumbe wetu mtu tuliyemkataa. Wa pili unasema hiyo ndiyo haki, mtu mmoja kura moja. Wengine wanauliza kwa nini wasifuate tu utaratibu wa Kenya, asilimia 50 na kura moja juu yake. Nani yuko sawa, na njia ipi ingefaa?"

Ndugu msomaji, pande zote mbili zimesema kweli kuhusu Minnesota, na zote zimeruka sehemu ngumu. Anayesema "tuhesabu kura za wananchi" bado hajasema lolote kuhusu mambo matatu yanayoamua nani ataapishwa: kura kiasi gani zinatosha kushinda, nani anajumlisha, na nani ana neno la mwisho hesabu zikigombaniwa. Mimi nasimama upande wa kura za wananchi, na nitaeleza kwa nini. Lakini mfumo ukiacha mambo hayo matatu wazi, siku ya matokeo ya kubanana nchi itajikuta haina pa kushika.

Tuanze na kilichopo. Rais wa Marekani huchaguliwa na wajumbe 538. Kila jimbo lina wajumbe sawa na wabunge wake katika Baraza la Wawakilishi, ukiongeza maseneta wake wawili. Mji mkuu, Washington, D.C., umepewa watatu kwa Marekebisho ya 23 ya Katiba ya mwaka 1961. Anayefikisha 270 ameshinda. Majimbo 48 na D.C. humpa aliyeongoza wajumbe wote, hata akiongoza kwa kura moja. Maine na Nebraska peke yake hugawa: wawili kwa aliyeongoza jimbo zima, na mmoja kwa kila wilaya ya uchaguzi wa Bunge. Asipopatikana wa 270, Baraza la Wawakilishi ndilo huchagua, na hapo kila jimbo lina kura moja: Wyoming yenye watu wasiofika 600,000 inalingana na California yenye zaidi ya milioni 39.

Shikeni hili moja kabla ya mdahalo: desturi ya mshindi kuchukua wajumbe wote haimo katika Katiba. Kifungu cha pili kinaliachia bunge la kila jimbo liamue wajumbe wake wateuliwe vipi. Njia nyingi zinazopendekezwa leo zimepita katika mwanya huo.

Makosa ya mfumo huu yanajulikana, ila mara nyingi linatajwa lile dogo. Watu husema: mwaka 1876, 1888, 2000 na 2016 aliyeongoza kwa kura za wananchi alishindwa. Ni kweli. (Mwaka 1824 Andrew Jackson aliongoza kwa kura na kwa wajumbe pia, na Baraza la Wawakilishi likamchagua John Quincy Adams, kisa hicho ni cha aina nyingine kidogo.) Lakini kosa kubwa zaidi ni kwamba hata pale matokeo yanapofanana, kinachoamua ni vijikura vya mahali pachache. Mwaka 2020 Joe Biden alimzidi Donald Trump kwa kura takriban milioni 7 nchi nzima. Hata hivyo, urais ulining'inia kwa kura 11,779 za Georgia, 10,457 za Arizona na 20,682 za Wisconsin. Ukizijumlisha hazifiki 43,000. Majimbo hayo matatu yangeelekea upande wa pili, wajumbe wangekuwa 269 kwa 269, na uamuzi ungehamia kwenye Baraza la Wawakilishi, jimbo moja kura moja. Yeyote anayetaka kuvuruga uchaguzi, au kuutilia shaka tu, anajua aende wapi. Nyuma yake kuna mwaka 2000: George W. Bush alipata wajumbe 271 kwa sababu ya kura 537 za Florida, huku Al Gore akimzidi kwa zaidi ya nusu milioni nchi nzima.

Msikubali pia mdahalo ugeuke wa chama hiki na chama kile. Mwaka 2004 Bush aliongoza kwa kura kama milioni 3. Ohio, iliyomwokoa, ilikuwa na pengo la kura 118,601. Nusu ya hizo zingegeuka, John Kerry angekuwa rais akiwa nyuma kwa mamilioni.

Hoja mbili za watetezi wa wajumbe mtazisikia hakika, kwa hiyo muwe na takwimu. Ya kwanza ni kwamba mfumo huu unalinda majimbo madogo. Kwa hesabu kavu, mjumbe mmoja wa Wyoming anasimama kwa watu kama 192,000, na wa California kwa kama 730,000. Lakini uzito huo haumleti mgombea Wyoming, wala Vermont, wala Delaware. Mwaka 2024 kampeni zilipiga kambi katika majimbo saba: Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada. Yote kwa pamoja yana wajumbe 93, na katika hayo Nevada peke yake ndiyo yenye wajumbe wachache. Ya pili ni kwamba bila wajumbe, California na miji mikubwa ndiyo itakayotawala. Miji 50 mikubwa kuliko yote ina takriban asilimia 15 tu ya Wamarekani. Na jimbo lililompa Trump kura nyingi kuliko majimbo yote mwaka 2020 ni hiyo hiyo California: zaidi ya milioni 6, nyingi kuliko za Texas. Zote zilihesabiwa sifuri siku ya wajumbe, sawa na kura zaidi ya milioni 5 za Biden kule Texas.

Watetezi wana hoja ya tatu, isiyotajwa sana, nayo ni nzito kweli: mipaka ya majimbo huzuia moto usienee. Hesabu zikigombaniwa, ugomvi unabaki Florida peke yake. Kura zikihesabiwa kitaifa, kila kituo katika kila kaunti, na kaunti ni zaidi ya 3,000, kinakuwa na thamani ya kugombaniwa. Hoja hii haijibiwi kwa kauli ya mtu mmoja kura moja. Inajibiwa kwa kanuni za kuhesabu, na nitairudia.

Sasa Minnesota. Mwaka 2023 jimbo lenu lilipitisha sheria ya kujiunga na mkataba wa majimbo ulioanzia Maryland mwaka 2007. Mkataba hauigusi Katiba. Unatumia mwanya ule wa kifungu cha pili, ambao Mahakama ya Juu iliuona mpana sana katika kesi ya McPherson dhidi ya Blacker mwaka 1892. Majimbo yaliyojiunga yameahidiana kwamba jumla ya wajumbe wao ikifika 270, yote yatateua wajumbe wa mgombea aliyepata kura nyingi nchi nzima, bila kujali nani aliongoza kwao. Kabla ya hapo mkataba umelala, na Minnesota inapiga kura kama zamani. Maine ilipojiunga Aprili 2024 yalitimia majimbo 17 pamoja na D.C., wajumbe 209. Walipungua 61 kufika 270.

Utaratibu wake wa kazi ni huu. Kila jimbo mwanachama linakamilisha hesabu zake angalau siku sita kabla ya wajumbe kukutana Desemba, na kuwajulisha wenzake ndani ya saa 24. Msimamizi mkuu wa uchaguzi wa kila jimbo anajumlisha kura za majimbo yote 50 na D.C., zikiwemo za majimbo yasiyojiunga. Taarifa rasmi ya jimbo jingine, ikitolewa ndani ya muda wa sheria, anaipokea kama ilivyo. Hana ruhusa ya kuikagua. Mwenye kura nyingi anatangazwa mshindi wa kitaifa, na orodha yake ya wajumbe ndiyo inayoteuliwa. Zikilingana kabisa kitaifa, kila mwanachama anafuata aliyeongoza kwake.

Je, utampa mtu mliyemkataa wajumbe wenu? Ndiyo, unaweza, na anayeutetea mkataba inafaa akubali hilo mapema bila kuzungukazunguka. Mwaka 2024 Kamala Harris alipata karibu asilimia 51 Minnesota. Nchi nzima Trump aliongoza, takriban kura milioni 77.3 kwa milioni 75. Mkataba ungekuwa unafanya kazi, wajumbe 10 wa Minnesota wangekwenda kwa Trump, pamoja na 54 wa California na 28 wa New York. Lakini ulizeni na upande wa pili wa hesabu: Wanaminnesota zaidi ya milioni 1.5 walimpigia Trump, na chini ya mfumo uliopo kura zao hazikumwongezea kitu. Mkataba unachukua wajumbe wa jimbo na kuirudisha kura ya kila mtu kwenye jumla moja. Kama mnaamini anayechagua rais ni jimbo, huo ni wizi. Kama mnaamini anayechagua ni raia, jimbo halijanyang'anywa kitu kilichokuwa chake. Hapo ndipo penye ubishi wa kweli, na huwezi kuumaliza kwa takwimu.

Udhaifu wa mkataba uko kwingine, nami naona wafuasi wake wanaupita haraka mno.

Wa kwanza, hauna kiwango cha chini cha ushindi. Mwenye kura nyingi kuliko wenzake ameshinda, hata kama ni asilimia 34 katika uwanja wa wagombea wanne. Leo haiwi hivyo kwa sababu mfumo wa wajumbe huwabana wagombea wa tatu. Ukiulegeza, watajitokeza wengi. Mwaka 1992, hata kwa mfumo uliopo, Ross Perot alipata karibu asilimia 19 ya kura bila mjumbe hata mmoja.

Wa pili, hakuna kuhesabu upya kitaifa. Sheria za kurudia hesabu ni za kila jimbo, na nyingi huangalia pengo la ndani ya jimbo lenyewe. Chukulia pengo la kitaifa ni kura 80,000 katika kura milioni 150, na hakuna jimbo hata moja lililobanana. Hakuna sheria ya jimbo itakayolazimisha kurudia, ilhali kila mwenye akili anaona kwamba hesabu inahitaji kurudiwa. Muda nao ni mfinyu. Mwaka 2024 uchaguzi ulikuwa Novemba 5, kaunti za California zilikuwa na hadi Desemba 5 kumaliza kuhesabu, na mwisho wa majimbo kuthibitisha wajumbe ulikuwa Desemba 11. Zilibaki siku sita kwa jimbo lenye kura nyingi kuliko yote.

Wa tatu ndio unaoniumiza kichwa zaidi: hakuna kanuni moja ya nini kihesabiwe kama kura ya mgombea. Someni mwaka 1960. Alabama iliwapigia kura wajumbe kwa majina, na kati ya wajumbe 11 wa Democratic, watano walikuwa wa John F. Kennedy na sita hawakufungwa kwa yeyote. Kura za Kennedy Alabama ni ngapi? Ukimpa zote anaongoza kitaifa kwa zaidi ya 100,000 kidogo. Ukizigawa kwa uwiano wa wajumbe, Richard Nixon ndiye anayeongoza. Vitabu vya historia bado havikubaliani. Leo swali hilo limevaa nguo mpya: Maine na Alaska wanapiga kura kwa kupanga wagombea kwa mfuatano, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jimbo litume hesabu ya duru ya kwanza, au ya mwisho baada ya kura za walioondolewa kuhamishwa? Maneno ya mkataba hayasemi. Na jimbo lisilojiunga likiamua kuficha hesabu zake? Mwaka 2021 Seneti ya North Dakota ilipitisha muswada wa kutotoa idadi ya kura za urais hadi wajumbe wa nchi nzima wawe wameshapiga kura zao. Haukuwa sheria kwa sura hiyo, lakini njia imeshaonekana.

Wa nne, kujitoa. Mkataba unakataza kujitoa kuanzia Julai 20 ya mwaka wa uchaguzi hadi rais mpya apatikane, na sheria ya shirikisho ya mwaka 2022 kuhusu hesabu ya wajumbe inadai wateuliwe kwa sheria za jimbo zilizokuwepo kabla ya siku ya kupiga kura. Kwa karatasi, hilo limefungwa vizuri. Kwa siasa, fikirini bunge la jimbo ambalo asilimia 60 ya watu wake walimkataa mshindi, na wajumbe wake ndio wanaomvusha 270. Shinikizo la wiki zile tano litakuwa kubwa mno.

Kuna pia swali la Bunge la Marekani. Kifungu cha kwanza, sehemu ya 10 ya Katiba, kinakataza majimbo kuwekeana mikataba bila ridhaa ya Bunge. Mahakama ya Juu mwaka 1893 na tena mwaka 1978 ilisema ridhaa inahitajika pale mkataba unapoongeza nguvu za majimbo kwa kupunguza zile za serikali kuu. Watetezi wanasema huu hauzigusi. Wapinzani wanasema unageuza mfumo mzima wa kumpata rais. Siku wajumbe 270 watakapotimia kesi itafunguliwa, na ni afadhali iamuliwe kabla ya uchaguzi kuliko Desemba. Suala la wajumbe wakaidi, yaani wanaompigia mtu tofauti na waliyeahidi, kwa upande wake, lisiwapotezee muda: mwaka 2020, katika kesi ya Chiafalo, Mahakama ilikubali majimbo yawafunge wajumbe kwa kiapo, na mkataba unateua wajumbe wa mgombea mwenyewe.

Njia ya pili kubwa ni kubadili Katiba. Inahitaji theluthi mbili ya mabaraza yote mawili ya Bunge na majimbo 38 kati ya 50, maana yake majimbo 13 yanatosha kuizuia. Imewahi kukaribia. Mwaka 1968 George Wallace, mgombea wa chama cha tatu, alichukua wajumbe 46 na watu wakaogopa kwamba atauuza urais. Septemba 1969 Baraza la Wawakilishi likapitisha pendekezo la kura za moja kwa moja kwa 338 dhidi ya 70: anayefika asilimia 40 ameshinda, asipopatikana wawili wa juu wanarudi. Rais Nixon aliliunga mkono. Lilifia Seneti mwaka 1970, maseneta wa Kusini pamoja na baadhi ya wale wa majimbo madogo wakilizuia lisipigiwe kura. Mwaka 1979 Seneti ilipiga kura: 51 waliunga mkono, 48 walipinga, nazo zilihitajika 66.

Na utaratibu wa Kenya? Kifungu cha 138 cha Katiba ya mwaka 2010 kinadai mambo mawili: zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Asipopatikana, duru ya pili hufanyika ndani ya siku 30. Tupime kila kipande mahali pake.

Sharti la kuenea halingefanya kazi Marekani. Mwaka 2020 Biden, katika jimbo lililomkataa kuliko yote, Wyoming, bado alipata zaidi ya asilimia 26. Trump hakushuka chini ya asilimia 30 katika jimbo lolote, Vermont ikiwemo. Wote wawili wangevuka asilimia 25 katika majimbo yote 50. Kenya iliweka sharti hilo kwa sababu kura huko hujikusanya kimaeneo kiasi cha mgombea kupata asilimia mbili kaunti moja na tisini kaunti nyingine. Marekani haina mgawanyiko wa ukali huo katika ngazi ya jimbo, kwa hiyo sharti lingekaa kwenye karatasi tu.

Sharti la nusu ya kura lingeuma kweli. Katika chaguzi tisa za kuanzia 1992 hadi 2024, aliyeongoza hakufika asilimia 50 mara tano: 1992, 1996, 2000, 2016 na 2024. Maana yake duru ya pili karibu kila baada ya uchaguzi mmoja. Duru hiyo ingekaa wapi kwenye kalenda? Rais anaapishwa Januari 20, na sheria inadai karatasi za kura za wanajeshi na walio ng'ambo zitumwe siku 45 kabla ya uchaguzi. California haijamaliza kuhesabu duru ya kwanza, na tayari karatasi za pili zingetakiwa ziwe njiani. Georgia ilipofupisha duru ya pili ya chaguzi zake za Seneti hadi wiki nne, ilibidi iwape walio ng'ambo karatasi ya kupanga wagombea kwa mfuatano mapema, ili wasilazimike kutuma kura mara mbili.

Ndiyo sababu mimi ningechukua kiwango cha asilimia 40, au ule wa Argentina. Argentina nayo ilikuwa na wajumbe, ikawaondoa kwa mageuzi ya katiba ya mwaka 1994. Anashinda mwenye zaidi ya asilimia 45, au mwenye angalau 40 akimpita wa pili kwa pointi zaidi ya 10. Vinginevyo duru ya pili. Kwa kipimo cha 40 peke yake, Marekani tangu 1828 ingehitaji duru ya pili mwaka 1860 tu, Abraham Lincoln alipopata asilimia kama 39.8. Kuacha kiwango kabisa ni hatari, na nchi zetu zina ushahidi. Tanzania iliondoa sharti la nusu ya kura mwaka 2000. Kongo ilifuta duru ya pili mwaka 2011, na mwaka 2018, kwa matokeo rasmi, Félix Tshisekedi akatangazwa mshindi kwa asilimia 38.57. Rais wa namna hiyo anaanza kazi huku watu sita kati ya kumi wakiwa walimchagua mwingine, na hakuna duru ya kuwapatanisha.

Funzo la Kenya ninalolithamini zaidi halihusu asilimia. Linahusu karatasi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais, na kasoro za kutuma na kuthibitisha matokeo zilikuwa kiini cha uamuzi. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka fomu 34A, zenye matokeo ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti, na raia yeyote mwenye simu aliweza kujumlisha mwenyewe. William Ruto alitangazwa kwa asilimia 50.49, matokeo ya kubanana mno, yakapingwa mahakamani ndani ya siku saba na kuamuliwa ndani ya siku 14. Mambo haya matatu, yaani fomu ya kituo iliyo wazi kwa umma, tume moja inayojumlisha na mahakama moja yenye saa ukutani, ndiyo jibu la hoja ile ya moto kuenea. Mkataba wa majimbo hauna hata moja kati yake. Marekebisho ya Katiba yanaweza kuyaleta yote, na yakawapa kura wakazi wa Puerto Rico pia, ambao ni raia zaidi ya milioni tatu wasio na mjumbe.

Njia nyingine nitazipitia haraka kwa sababu zina kasoro zinazojulikana. Kugawa wajumbe kwa wilaya kama Maine na Nebraska kunasikika vizuri, lakini mipaka ya wilaya huchorwa na wanasiasa; mwaka 2012, nchi nzima ingetumia njia hiyo, Mitt Romney angeshinda ingawa Barack Obama alimzidi kwa karibu kura milioni 5. Kugawa wajumbe kwa uwiano wa kura, ambako Seneti ilikupitisha mwaka 1950 kwa 64 dhidi ya 27 kabla ya kushindwa katika Baraza la Wawakilishi, kunaleta tatizo la 270: mwaka 1992 Bill Clinton mwenye asilimia 43 angekuwa na wajumbe kama 231, na Baraza la Wawakilishi ndilo lingechagua. Tena jimbo la wajumbe watatu litagawa 2 kwa 1 iwe mshindi kapata asilimia 51 au 80. Pendekezo la mwaka 1978 la kumwongezea aliyeongoza kitaifa wajumbe 102 wa ziada, wawili kwa kila jimbo na D.C., nalipenda kuliko hayo mawili. Linabakiza majimbo na karibu linahakikisha mwenye kura nyingi anashinda. Lakini nalo linadai kubadili Katiba, na ukishaweza kupata majimbo 38 hakuna sababu ya kuishia katikati.

Kwa hiyo msimamo wangu ni marekebisho ya Katiba yenye kiwango cha asilimia 40, duru ya pili, na hesabu ya kitaifa chini ya kanuni moja. Mkataba nauunga mkono kama daraja, kwa masharti: majimbo wanachama yakubaliane kwa maandishi ni hesabu ipi ya Maine na Alaska itumike, yabadili sheria zao ili pengo la kitaifa likiwa dogo kila moja lirudie hesabu lenyewe, na yaweke mwisho wa kuhesabu mapema zaidi, angalau kwa wiki moja. Yote hayo mabunge ya majimbo yanaweza kuyafanya sasa, Minnesota ikiwemo, bila kusubiri Washington.

Katika mdahalo, kila msemaji anayetaka mabadiliko atakiwe kutaja kiwango chake, anayejumlisha, na mahakama yake kabla hajaendelea. Anayetetea wajumbe naye atakiwe kueleza kwa nini kura 43,000 za majimbo matatu ziwe na uzito kuliko milioni 7 za nchi nzima. Na anayeogopa uchaguzi ujao mwambieni hivi: ili mkataba utumike mwaka 2028, sheria za majimbo yenye wajumbe 270 lazima ziwe zimeanza kufanya kazi ifikapo Julai 20, 2028. Siku hiyo ikipita kabla idadi haijatimia, wajumbe 10 wa Minnesota watakwenda kwa yule atakayeongoza Minnesota, kama kawaida.